Ndege wa Sita

Mwaka juzi nilikwenda dukani pale Mosocho kusajili laini ya simu, na kijana wa duka akaniambia niweke kidole kwenye kimashine chake. Nikaweka, kikakataa. Akakifuta kioo kwa ncha ya shati, nikaweka kingine, na kingine, mpaka vyote kumi vikaisha. "Mama, wewe huna alama za vidole," akasema, akinitazama kwa shaka. Nikamwambia alama zangu ziko kwenye mabakuli na visahani ndani ya nyumba za watu nisiowajua, aende akazitafute huko. Hakucheka. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Lakini nilisema kweli tupu: ukisugua mawe laini ya kuchonga ya Tabaka kwa msasa na maji tangu una miaka kumi na mitatu, jiwe hulainika na wewe hulainika, kisha jiwe huuzwa na wewe hubaki na vidole visivyo na mwenyewe. Ilibidi laini isajiliwe kwa jina la binti yangu.

Ndiyo laini iliyolia mwezi uliopita, nikiwa nimekaa mbele ya kibanda changu nachonga kiboko mwenye shimo mgongoni la kuwekea funguo. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Ni Bosibori?" Nikasema ndimi. "Mimi Mama Nyanchama wa Kebirigo. Dada yangu ametuacha. Tunazika Alhamisi. Safari hii utakuja, ama utatuma salamu tena?" Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka thelathini na miwili, na bado ilinifanya nisimame wima kama niko mbele ya mwalimu. Nikasema nitakuja. Akakata simu. Nikaketi, na yule kiboko sikummaliza siku hiyo wala kesho yake.

Katika madaftari haya nimeandika habari za ndoa yangu, za kibanda, za safari ya Mombasa ambayo niliibiwa viatu nikiwa nimevivaa, ila mwaka niliokaa Kebirigo nimeuruka kila nilipoufikia. Niliona aibu, ndiyo sababu, sina nyingine. Ya baba na mama na nani alizaliwa wa ngapi nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hakuna aliyeyasoma kwa sauti, na kazi yangu ilikuwa kusugua mawe nyumbani kwa Mzee Ombasa, mchongaji wa pale Tabaka. Kwetu wakati ule mambo yalikuwa yamegawanywa na hakuna aliyeuliza: wanaume wanachimba na kuchonga, wanawake wanaosha na kusugua. Mwanamke kushika patasi hakukuwa kosa lililoandikwa mahali, lilikuwa tu jambo lisilofanywa. Mwanamume alikupa jiwe limejaa makovu ya patasi na tupa, ukakaa nalo juu ya karai la maji, msasa mkubwa, wa kati, kisha ule mdogo laini, mpaka kovu la mwisho likaisha. Halafu ukalipitisha jiwe shavuni. Ndicho kilikuwa kipimo chetu. Vidole vya msuguaji havihisi tena vizuri, lakini shavu halidanganyi. Shavu likikwama popote, unarudi kwenye karai. Mimi lilikuwa halikwami. Nilikuwa nasifiwa kwa hilo, na sifa ile ndiyo iliyoniponza.

Daktari Kemunto alikuja Tabaka mwezi wa kwanza, ameshika mkoba wa ngozi uliojaa karatasi na kioo cha kukuzia kimefungwa kamba shingoni. Hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa amesoma ndege, na kwa miaka ishirini alikuwa akiishi katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, akifuata ukoo mmoja tu wa vindege wadogo wanaopanda miti. Sasa alikuwa amerudi kwao Kebirigo, mwanamke wa miaka arobaini na minane, na presha ya macho ilikuwa inamfungia dunia kutoka pembeni kuja katikati. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli, na tundu linapungua. Alipoketi kwenye kigoda cha Mzee Ombasa alipapasa kwanza kujua kigoda kinaishia wapi.

"Ndege nachonga," Mzee Ombasa alimwambia. "Heroe, bata, tai. Unataka wangapi?"

"Sita. Wote wa ukoo mmoja."

"Basi nikishamchonga wa kwanza, hao wengine watamfuata yeye."

"Hapo ndipo kazi ilipo, Mzee. Hao ndege wanafanana mpaka watu waliosomea wanawachanganya. Mimi nataka mtu akifumba macho, akimshika mmoja, ajue ni nani." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kilo ya sukari, "Huyo mtu ni mimi. Madaktari wamenipa mwaka huu tu wa kuona."

Mzee Ombasa hakutoa pole. Alikuwa mtu wa namna hiyo, pole yake ilikuwa kazi. Alizitazama picha za ndege zilizotoka mkobani kwa muda mrefu, akauliza mkia ule mbona una miiba, na Daktari akafurahi hadi akaanza kuchora hewani. Ndege huyu hakai juu ya tawi kama wenzake, akaeleza, anang'ang'ania shina la mti, na hiyo miiba ya mkia ndiyo anayoegemea. Huanza chini kabisa, akazunguka shina akipanda na kuchokoa wadudu kwenye gome, na akifika juu anajitupa mpaka chini ya mti wa pili, anaanza upya. Sisi wasuguaji tulikuwa tumeacha misasa tukisikiliza. Ndipo akatugeukia, akaomba mikono yetu, akatushikisha mawe matano huku tumefumba macho na kutuuliza lipi lina kasoro na wapi. Alipofika kwangu niliweka kila jiwe shavuni, nikamwonyesha lenye kasoro. "Huyu nitakwenda naye," akasema. Makubaliano yakawa Mzee achonge Tabaka, awe anatuma ndege mmoja mmoja, na mimi nikae Kebirigo niwamalizie mbele ya Daktari, akiwakagua kwa kioo chake maadamu bado anaona.

Nyumba ya Kebirigo ilikuwa ya mawe, paa la bati, katikati ya majani chai yaliyokuja hadi dirishani. Daktari aliishi humo na dada yake mkubwa, Mama Nyanchama, mjane, Msabato wa kweli, mwanamke aliyeweza kukuuliza kama umeosha miguu kwa kukutazama tu. Chumba cha kazi kilikuwa upande wa nyuma, kimetenganishwa na jikoni kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo nilisugua nikisikia sufuria, redio na maneno yote. Ukutani Daktari alikuwa amebandika michoro sita mikubwa, na juu yake jina la ukoo kwa herufi nene: Lepidocolaptes. Nililikariri nikiosha vyombo, Lepidocolaptes, Lepidocolaptes, mpaka Mama Nyanchama akaniuliza kama ni dawa ya minyoo. Mimi na Daktari tukawaita kwa jina letu, wakwea-shina. Chakula kilikuwa saa saba na saa moja jioni, na Mama Nyanchama hakungoja mtu: ugali wa wimbi, mboga chungu ya chinsaga iliyolazwa na maziwa hadi uchungu ukaisha, ndizi za kupika siku ya Ijumaa kwa sababu Sabato moto hauwashwi. Pale mezani ndipo nilipojua mambo mengi. Daktari alisimulia jinsi alivyokaa siku nne chini ya mti mmoja akingoja ndege asiyefika hata urefu wa mwiko. Dada yake akasema, "Na majani chai yangu yalikuwa yakichumwa na nani?" Akasimulia kwamba mtu akimpata ndege ambaye hajawahi kuandikwa, huyo ndege hupewa jina jipya nyuma ya jina la ukoo, na mara nyingi ni jina la mtu lililobadilishwa mwisho, la mwanamke likaishia na "ae". Nikauliza kama kuna anayeitwa kwa jina lake. "Hakuna," akasema. "Niliokuwa nikiwafuata walikuwa wameshapewa majina kabla sijazaliwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatofautisha tu." Alisema bila uchungu, lakini Mama Nyanchama alimwongezea mboga.

Wa kwanza alifika mwezi wa pili, amefungwa kwa majani ya mgomba yenye unyevu ndani ya sanduku. Nilipomfungua nilitaka kucheka. Mzee Ombasa alikuwa amemchonga kindege aking'ang'ania kipande cha shina, kichwa kimeinuka, miiba ya mkia imegusa gome, na chini kabisa ya shina alikuwa amechonga majina yake mawili, la ukoo na lake mwenyewe. Mzee hakujua kusoma, aliiga zile herufi kama mtu anayechora ua, na hakukosea hata moja. Daktari alichukua kioo akaenda dirishani, akamkagua ndege sehemu baada ya sehemu, kwa sababu mzima hakuweza kumwona kwa mara moja. Kisha akaanza kunifundisha kazi ambayo ilikuwa kinyume na kila kitu nilichokijua. Mgongo lainisha, akasema. Mabawa lainisha. Lakini kifua cha huyu kina magamba, usiyaguse. Wa pili ana mistari myembamba kichwani, usiiguse. Wa tatu hana kitu kichwani wala kifuani, ni unyusi wake tu mpana na mdomo wake mwembamba, basi huo unyusi uache usimame. Kila palipokuwa na kovu la patasi mkono wangu uliwashwa. Mara ya kwanza alinikamata nikipitisha msasa karibu na yale magamba, akanishika kifundo cha mkono. "Bosibori, unachokiona wewe kuwa uchafu, kwangu ndiyo macho yangu." Nikaelewa, ama nilidhani nimeelewa.

Miezi ikaenda, tukawa na wawili, watatu, watano. Daktari alikuwa na mchezo wake baada ya chai ya saa nne. Niliwaweka ndege kwenye kikapu, nikafunika kwa khanga, akaingiza mkono, akamshika mmoja, akataja jina lake na msitu anakokaa, na mara nyingine hata mvua iliyokuwa ikinyesha siku aliyomwona. Hakukosea. Lakini upande mwingine wa mambo nao niliuona: siku alipomimina chai pembeni ya kikombe na kuendelea kumimina, siku alipomsalimu kwa adabu kubwa mgeni aliyekuwa ameshaondoka. Mama Nyanchama alifuta ile chai, akatoka nje, na nikamwona kupitia dirisha amesimama kwenye majani chai mikono imemwanguka. Mwezi wa kumi tukasikia kwamba Mzee Ombasa amelazwa, kifua chake kimejaa vumbi la jiwe. Mwezi wa kumi na moja akafa. Wiki moja baada ya mazishi, mkewe akatuletea sanduku la mwisho. Alisema mume wake alimchonga huyu wa sita akiwa ameegemezwa kwenye mto. Tulipomfungua, ndani ya majani ya mgomba kulikuwa pia na patasi yake ndogo. Mpaka leo sijui kama iliwekwa kwa makusudi au ilisahaulika humo.

Wa sita alikuwa mkwea-shina wa milimani, jina lake la pili affinis, na alama yake ilikuwa madoa madogo kichwani, yametawanyika bila mpango. Mzee alikuwa ameyachonga yakawa mepesi mno, labda mkono wake ulikuwa umechoka. Daktari alikaa dirishani naye mchana mzima wa Alhamisi. Jioni akanipa, akasema, "Huyu hana kosa. Mmalizie taratibu."

Ijumaa mchana nilikuwa nimeketi na karai langu, ndege huyo mkononi, msasa laini wa mwisho. Jikoni dada wawili walikuwa wakimenya ndizi, maana ya Sabato lazima yawe tayari kabla jua halijatua. Nikasikia Daktari akisema, "Jicho la kulia limezima, Dada. Tangu Jumanne."

"Na la kushoto?"

"Limebaki kitundu. Huyu wa sita ndiye ndege wa mwisho nitakayemwona."

Kisu kikanyamaza. Mama Nyanchama akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Sasa itakuwaje?"

"Nina vidole. Wale sita wakikaa vile nilivyowakagua, nitakuwa nao. Lakini siku nitakayoingiza mkono kwenye kile kikapu nisiweze kusema huyu ni nani, siku hiyo nitajua ile miaka yangu yote imekwenda na hakuna kilichobaki. Hapo usinihurumie, Dada. Nitakuwa sina kitu cha kuhurumiwa."

Machozi yalinitoka. Nilimpenda yule mwanamke, naandika wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia. Nilitaka kumfanyia kazi ambayo hakuna msuguaji wa Tabaka aliwahi kuifanya, na masikio yangu yakiwa ukutani, mikono yangu ikaenda kumtafutia yale mema iliyoyajua. Ikasugua. Maji, msasa, maji. Walipoacha kuongea nikamwinua ndege, nikampitisha shavuni kama nilivyofundishwa, na shavu halikukwama popote. Kichwa kilikuwa laini kama yai. Madoa yote yalikuwa yamekwenda na maji.

Nilikaa nikiyaangalia yale maji meupe kwenye karai, kana kwamba ningeweza kuyachota madoa humo na kuyarudisha. Mzee Ombasa alikuwa chini ya udongo. Macho yaliyomkagua yule ndege yalikuwa yanazima. Na maneno niliyoyasikia yalikuwa bado kichwani mwangu, kwa hiyo hata mdomo wa kukiri sikuwa nao. Ningemwambia nini? Kwamba aliyempotezea ndege wake wa mwisho ni yule aliyemchagua kwa mkono wake mwenyewe? Nikamfunga ndege kwa kitambaa, nikasema bado anakauka.

Kesho yake, Sabato, nikasema tumbo linaniuma. Mama Nyanchama aliniachia ndizi baridi na maziwa, wakaenda kanisani, Daktari akiwa ameshika kiwiko cha dada yake. Walipopotea njiani nikaichukua patasi ya Mzee. Nilikuwa sijawahi kushika patasi maishani mwangu. Nilijifungia kwenye chumba cha kazi, siku ya kupumzika, kwenye nyumba ya Wasabato, mwanamke na chombo cha wanaume mkononi, nikajiambia kama kuna hesabu mbinguni basi leo yangu imejaa. Doa la kwanza lilikuwa kubwa mno. La pili likaja jema. Nilijua yanatakiwa yatawanyike, mchoro ulikuwa ukutani mbele yangu, lakini jaribu wewe kutawanya kitu kwa mkono usioijua patasi. Mkono hutafuta njia unayoijua. Wangu ulijua ukingo wa bakuli la Tabaka, ule wenye vitone vilivyofuatana mstari baada ya mstari, na bila kuuliza ukavifuatisha vitone vile kichwani mwa ndege. Nilipogundua nilikuwa nimefika katikati na jiwe halirudi nyuma. Nikamaliza. Waliporudi nilikuwa nimelala, na lengelenge limetuna kwenye kiganja.

Jumapili baada ya chai Daktari akadai kikapu. Nilifunika ndege wote sita kwa khanga, nikasimama mlangoni. Akamtoa wa magamba, akamtaja. Akamtoa wa mistari, akamtaja. Akamtoa wa sita. Kidole chake kikapanda mgongoni, kikafika kichwani, kikasimama. Kikaenda mbele, kikarudi, kikafuata mstari mmoja hadi mwisho, kikafuata wa pili. Nilisikia majani chai yakichumwa kule nje. "Huyu," akasema hatimaye, "huyu ni wa madoa." Akamweka kwenye paja badala ya mezani, akaninyooshea mkono. "Njoo nikushukuru." Akakishika kiganja changu kwa mikono yake yote miwili, na kidole gumba chake kikapita juu ya lengelenge.

"Umeumia na nini?"

"Jembe, Daktari. Nilikuwa nalima mboga."

"Jana ilikuwa Sabato."

"Ni la juzi," nikasema.

"Aa," akasema Daktari. Akakiachia kiganja, akaomba chai nyingine.

Nilijiona nimepona. Hivyo ndivyo ujinga wa miaka kumi na tisa ulivyo, unahesabu kutokamatwa kuwa ndiko kupona. Mwisho wa mwaka nilifunga nguo zangu, nikaaga, nikaondoka na ile patasi ndani ya soksi, wizi wangu wa kwanza na wa mwisho. Mwezi haujaisha, dereva wa lori la majani chai akaniletea ujumbe: Daktari anasema njoo uchukue kitu chako. Nilijua sikuacha kitu, hata kitana. Nikajua ni yule ndege, kwamba vidole vimeshagundua na ninaitwa nikajibu. Nikatuma salamu na kusema nina homa. Nilipoolewa, ujumbe ukaja tena, maneno yaleyale. Nikatuma salamu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa ukaja mara ya tatu, pamoja na blanketi. Nililipokea blanketi na sikwenda, na kati ya mambo yote niliyoyaandika katika madaftari haya hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Baada ya hapo hakuniita tena. Ile patasi lakini sikuiacha. Mkono ulikuwa umeshaonja. Wanaume waliguna, kisha wakachoka kuguna, na leo nachonga viboko, tembo, maua, watu waliokumbatiana, chochote mteja anachotaka. Akiomba ndege namwelekeza kibanda cha jirani.

Alhamisi ya mazishi nilifika Kebirigo mapema, nikakaa hema la nyuma. Mchungaji alisema mengi, kwaya ikaimba, na mimi nilikuwa nikiliangalia dirisha la kile chumba. Tulipotoka kaburini Mama Nyanchama alinijia na mkongojo wake, miaka themanini na minne, mgongo umeinama lakini jicho ni lilelile. Hakunisalimu. "Njoo," akasema, nikamfuata ndani.

Chumba kilikuwa kilekile, michoro imepauka ukutani. Ndege watano walikuwa kwenye rafu, weusi kwa mafuta ya mikono. Wa sita alikuwa peke yake kwenye kikapu, na ile khanga juu yake imechakaa ikawa wavu. Nikamwambia, kabla sijaishiwa nguvu, "Mama, mimi ndiye niliyemharibu huyu. Nilimsugua madoa yake nikachonga mengine."

"Unafikiri sisi hatujui?" akasema. "Jumapili ileile ulipotoka kwenda kuchota maji alinishikisha kichwa cha huyu ndege. Alicheka mpaka akatoa machozi. Akaniambia, Dada, huyu mtoto amemwekea ndege wangu ukingo wa bakuli."

"Hakukasirika?"

"Kwa nini akasirike? Alimjua, si alimjua? Kati ya wote sita huyu ndiye hakuweza kumchanganya na mwingine hata akiwa usingizini. Watoto wa shule walipokuja alikuwa akiwaambia, hawa watano wanaishi Amerika, huyu anaishi Kebirigo peke yake duniani."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka thelathini na miwili. "Mbona hakuniambia?"

Mama Nyanchama akauegemeza mkongojo ukutani, akakaa. "Alikuita mara tatu," akasema.

Akamtoa ndege kwenye kikapu, akampindua chini juu, akanielekeza pale chini ya shina ambapo Mzee Ombasa alikuwa amechonga majina. "Wiki uliyoondoka alitaka msumari. Nikamshikia jiwe siku tatu, akakwaruza, hataki kusaidiwa. La pili alilifuta. Alisema ndiyo desturi ya waliosomea ndege, akiwa mpya hupewa jina. Soma."

Miwani nilikuwa nimeiacha Mosocho. Nikapitisha kidole, na kidole changu hakikuona kitu. Nikapitisha kingine. Nilivijaribu vyote, kama siku ile dukani, na vyote vikakataa.

"Nimeishiwa vidole, Mama," nikasema. "Nisomee."

Akalisogeza jiwe karibu na dirisha. "La mbele ni lile la dawa ya minyoo," akasema. Kisha taratibu, silabi moja moja, kama anavyosoma Biblia: "Bo-si-bo-ra-e."

Akanirudishia. Nje walikuwa wakiita watu waje kula, na yeye akainuka akaenda kuwaongoza, maana hakuna mwingine angeweza kuwapanga sawa. Nikabaki na ndege wangu. Nikamwinua, nikaweka ile sehemu ya chini shavuni, kama nilivyofundishwa. Shavu likakwama. Palikuwa pakali, pamejaa makovu ya msumari wa mtu asiyeona, kazi mbaya kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kushika mawe sikutaka msasa.